Kimefunguliwa Mara Moja

Sisi watu wa takwimu tuna ugonjwa wetu: kitu kisichohesabika tunakiona hakipo. Nalisema hili mapema ili msije mkanihurumia huko mbele.

Naitwa Shamsia. Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utafiti hapa Kilakala, katika nyumba ya kupanga ya vyumba vinne, mlima ukianzia nyuma ya choo. Tunahesabu maisha ya watu: kaya inakula milo mingapi, watoto wangapi wamedumaa, migomba mingapi imekauka na kwa nini. Wachambuzi tulikuwa wanne: Issa, Jane, mimi na Mzee Mwinshehe, aliyekuwepo kabla ya sisi wote na aliyenifundisha kazi nilipotoka chuoni nikiwa na cheti na kiburi tu.

Programu tunayotumia inauzwa kama gari lisilo na matairi. Unanunua programu yenyewe, unafurahi, halafu unaambiwa kila kazi ya maana ina kiongezo chake, na kila kiongezo kina leseni yake ya mwaka mmoja. Kuna kiongezo cha kutengeneza majedwali, kipo cha kuziba mapengo pale mtu alipokataa kujibu swali, kipo cha utabiri, kipo cha sampuli. Ukisoma tangazo lao unaona vyote unavihitaji. Ukisoma mara ya pili huelewi hata kimoja kinafanya nini.

Miaka yote tulikuwa na viongezo vinne, kila mchambuzi na chake. Mwezi wa tano mwaka huu Evance, mkurugenzi wetu, akatukusanya sebuleni, ndicho chumba tunachokiita ukumbi wa mikutano.

"Mfadhili amekubali vitatu," alisema. "Sisi tuko wanne. Atakayekosa kiongezo sina namna ya kumweleza mfadhili kwamba mtu huyu anafanya kazi gani. Mkataba wake utaishia tarehe thelathini Juni. Sipendi, ila ndivyo ilivyo."

Halafu akanigeukia mimi. "Shamsia, wewe ndiye unayeijua ile seva. Niletee orodha ya vinavyohitajika kweli. Sitaki maneno ya watu, nataka ushahidi."

Hakuna aliyeuliza kwa nini mchezaji anapewa filimbi achezeshe mechi yake mwenyewe. Mimi mwenyewe sikuuliza. Nilijisikia mtu muhimu, na nasema hivyo kwa aibu.

Kila mtu mle ndani alijua mkataba ule ulikuwa na maana gani kwa Mzee Mwinshehe. Mke wake, Bi Mwanvita, figo zake zote mbili zimeshindwa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi Mzee anampeleka hospitali kusafishwa damu, saa nne nzima amelala kwenye mashine, na inayomlipia ni kadi ya bima ya ofisini. Mkataba ukiisha, kadi inakufa siku hiyohiyo. Nililijua hilo vizuri kabisa. Nilichojiambia ni kwamba namba hazina upendeleo, nikizifuata namba, lolote litakalotokea halitakuwa juu yangu.

Nikaanza kupita meza kwa meza na daftari.

"Andika vyote, dada," Issa alisema bila kuinua macho. "Andika na ambavyo bado hawajavitengeneza."

Jane alinipa karatasi iliyochapwa, viongezo kumi na kimoja, na mbele ya kila kimoja ameandika "muhimu sana". Viwili kati ya hivyo havikuwa hata vya programu yetu.

Mzee Mwinshehe alikaa kona ya dirishani. Mashine yake ilikuwa ya kizamani, dude jeusi limejaa meza, na kioo chake muda wote kilikuwa kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kuweka kwenye makochi na juu ya redio. Bi Mwanvita alikifuma mwenyewe enzi mikono yake ilipokuwa na nguvu. Chini ya meza kulikuwa na betri kubwa la sola lililounganishwa waya mwekundu na mweusi, ambalo sisi tulidhani ni la kuchajia simu yake. Issa alikuwa na utani wake kuhusu kona ile: "Mzee alishastaafu zamani, kompyuta tu ndiyo haijaambiwa." Tulikuwa tunacheka, na mimi nilikuwa nacheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri mzee. Naorodhesha viongezo. Wewe unatumia kipi?"

"Mimi?" Akacheka kidogo, mkono kwenye ndevu. "Mimi natumia hichohicho tu mlichonipa. Cha sampuli. Lakini chukueni vyenu kwanza nyie vijana, mimi nitaangalia kitakachobaki."

Sasa, hapo ndipo pa kuangalia. Mtu mzima wa milimani huku kwetu akikujibu hivyo hajasema kwamba hahitaji. Amekuwa na adabu tu. Bibi yangu wa Matombo ukimkaribisha chakula atakwambia ameshiba, ukimkaribisha tena atakwambia kula wewe mwanangu, ukimkaribisha mara ya tatu ndipo anavuta kigoda, naye hajala tangu jana. Hayo nimekua nayo. Nilitakiwa kumuuliza mara ya pili na ya tatu. Badala yake niliandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu: "Hana mahitaji maalumu." Nikasema asante mzee, nikaondoka. Sikufunua hata kile kitambaa nione anafanya nini. Kufunua kitambaa cha mtu mzima ni sawa na kumpekua mifukoni, na pia, kwa kweli, sikutaka kujua.

Kesho yake niliingia kwenye seva. Seva yetu inaandika kila mara mtu anapofungua kiongezo: tarehe, saa, mashine. Nikaomba jumla ya miezi kumi na moja. Majedwali ya Issa yamefunguliwa mara mia tatu na moja. Mapengo ya Jane mara mia moja themanini na nane. Utabiri, ambao ni wangu, mara mia mbili kumi na nne. Sampuli, mara moja.

Mara moja, tarehe mbili Julai mwaka jana, saa tano na dakika arobaini asubuhi.

Niliitazama ile moja kwa muda mrefu. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza mtu anayefika kazini saa moja na nusu kila siku isiyo ya hospitali, akaondoka wa mwisho, anafanya nini kwenye ile kona mwaka mzima. Lakini ile moja ilinifaa. Ilikuwa ushahidi, na ushahidi ndio nilioagizwa. Nikaandika orodha ya viongezo vitatu, nikaweka saini, Evance akaweka yake, tarehe kumi na sita Juni oda ikaenda Dar kwa wakala. Ijumaa iliyofuata Mzee Mwinshehe akapewa barua.

Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati. "Alhamdulillahi," alisema, na akarudi kwenye kona yake kuendelea na kazi. Hakuuliza nani ameandika orodha. Alijua.

Tarehe thelathini ilikuwa Jumanne, kwa hiyo Mzee hakuwepo, alikuwa hospitali na mkewe. Saa saba na nusu mchana umeme ukakatika. Kioo cha Issa kikazima, cha Jane kikazima, changu kikazima, tukaguna kwa pamoja kama kawaida. Wenzangu wakatoka kutafuta chakula. Mimi nikabaki nimekaa kwenye giza la mawingu ya mlimani, na ndipo nikaona ile kona inawaka.

Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu ya kitambaa. Nikasogea. Nikakaa kwenye kiti cha Mzee, nikakiinua kile kitambaa.

Programu ilikuwa wazi. Pembeni kulikuwa na lile dirisha linaloandika kila amri unayoipa, moja chini ya nyingine, na tarehe yake. Nikapanda juu. Nikapanda, nikapanda, kidole kikachoka. Mwanzo kabisa iliandikwa tarehe mbili Julai mwaka jana, saa tano na dakika arobaini. Mwisho iliandikwa jana jioni. Katikati kulikuwa na amri zaidi ya elfu sita.

Alikifungua mara moja kwa sababu hakuwahi kukifunga.

Nilielewa palepale, kwa sababu mashine ile niliijua ilivyokuwa. Kila unapoifungua programu inatafuta kibali kupitia mtandao, na kwenye mashine ya kizamani, na mtandao wetu huu wa chini ya mlima, mtu anakaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri akisubiri kile kiduara kimalize kuzunguka. Sisi tuliponunuliwa mashine mpya yeye alisema wapeni vijana. Kisha akaenda akatafuta betri lake, akafungua programu siku ile moja, akaifunika kitambaa isiingie vumbi, na hakuizima tena. Umeme ukikatika, betri. Akienda hospitali, kitambaa.

Nikaanza kusoma zile amri. Alikuwa anatengeneza uzito. Naomba nieleze kidogo, si jambo gumu. Kule Matombo barabara ikiharibika tunaweza kuhoji kaya moja tu kwa niaba ya kaya themanini ambazo hatukuzifikia. Hapa mjini kaya moja inasimama kwa niaba ya kumi na mbili. Ukizihesabu zote sawasawa, watu wa milimani wanapotea kwenye ripoti, kana kwamba hawakuzaliwa. Kwa hiyo kila kaya inapewa uzito wake, na uzito huo kwenye faili zetu ni safu ya mwisho kabisa, upande wa kulia. Safu ile nimeitumia miaka mitano. Issa anaitumia, Jane anaitumia. Nilidhani inakuja na data kutoka kwa wadodosaji. Wallahi, miaka mitano sikuwahi kujiuliza nani anaiweka pale.

Kazi zetu zote tatu zilikuwa zimekaa mgongoni kwa kiongezo nilichokifuta.

Nikampigia Evance. Alikuwa njiani kwenda Dar.

"Niko Mikese hapa, sema haraka, mtandao unakatika."

Nikamweleza.

"Shamsia," alisema, "wewe ndiye uliyeniletea namba. Mimi vitatu siwezi kuvifanya vinne. Ongea na wakala. Kama inabadilishika, badilisha, mradi vibaki vitatu. Mwenye kiongezo ndiye nitakayemsainia, barua ya Mzee naweza kuifuta hata leo. Niambie tu nani anatoka."

Wakala wetu Dar ni dada mmoja anaitwa Hosiana, mpole sana, anaongea kana kwamba anakubembeleza ulale. Akaangalia oda yetu.

"Una bahati, dada Shamsia. Kubadilisha ni ndani ya siku kumi na nne, na leo ndiyo ya mwisho. Mpaka saa kumi na moja jioni. Wewe nitajie tu kinachotoka na kinachoingia, nabadilisha hapohapo."

Kinachoingia nilikijua. Nikachukua daftari nikaanza kutafuta kinachotoka, na safari hii nilihesabu kama mtu anayemwogopa Mungu. Umeme ulikuwa umerudi. Nikafungua kazi za Issa: majedwali yake yako kwenye kila ripoti tuliyotoa, ukiyaondoa hakuna ripoti. Nikafungua za Jane: nusu ya wahojiwa wetu hawasemi kipato chao, bila kiongezo chake tunabaki na mashimo matupu. Kisha nikafungua zangu.

Mara mia mbili kumi na nne. Nikazipitia moja moja. Mtandao unanitoa, naingia tena, inahesabiwa. Naenda kunywa chai, nafunga, narudi nafungua, inahesabiwa. Asubuhi moja ya mwezi wa pili nilihesabiwa mara kumi na saba na sikufanya kazi yoyote. Utabiri wenyewe, ule uliokwenda kwenye ripoti, niliufanya mara tisa. Na hizo tisa ningeweza kuzifanya kwa programu tupu, kwa kuandika amri ndefu kidogo, kama alivyonifundisha Mzee Mwinshehe mwaka wangu wa kwanza, kabla sijazoea kubonyeza.

Kwa hiyo jibu lilikuwepo, na lilikuwa na jina langu.

Ningependa kuwaambia nina mgonjwa nyumbani. Sina. Wazazi wangu wazima, mtoto sina, sina hata mtu wa kunigombeza nikichelewa kurudi. Kuna chumba na sebule nilichopanga, kuna watu wanaoniita "mtaalamu" nikipita, kuna woga wa kuanza kuzunguka na bahasha ya vyeti mjini hapa nikiwa na miaka thelathini na minne. Ndiyo hayo tu. Upande mmoja hayo, upande wa pili damu ya Bi Mwanvita. Mtoto wa darasa la tatu angejua pa kwenda.

Saa kumi na nusu mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Mwinshehe. Nje niliona bajaji imesimama, na Bi Mwanvita amekaa nyuma, amejifunika khanga mpaka kichwani, anaegemea upande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimewahi? Nilidhani mmeshafunga." Akatoa mfukoni kadi mbili za bima, yake na ya mkewe, akaziweka juu ya daftari langu. "Mkurugenzi alisema nimkabidhi yeyote nitakayemkuta."

"Bi Mwanvita anaendeleaje?"

"Leo wamemsafisha vizuri. Mashine haikusumbua." Akavuta kiti, akakaa taratibu. "Sasa mpaka Alhamisi tutakuwa tumejua pa kwenda. Mdogo wangu wa Matombo anasema tuuze kile kishamba cha migomba. Lakini kishamba unauza mara moja, na hii ni mara tatu kwa wiki."

Alisema kawaida tu, kama mtu anayepiga hesabu. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika thelathini na nane. Sentensi nzima ilikuwa mdomoni mwangu: mzee, usirudishe kadi, kuna makosa, nayarekebisha sasa hivi. Niliisikia hata ladha yake.

"Umekifunua," alisema, akiangalia kona yake. Sikuwa nimekirudisha kitambaa.

"Nisamehe mzee. Umeme ulikatika, nikaona mwanga."

"Si kitu." Akainuka, akaenda, akakichukua, akakikung'uta dirishani. "Mwanangu, usiizime kabla hujahifadhi uzito wa Matombo. Nimebakiza vijiji viwili. Nilitaka nivimalize leo, lakini foleni ya hospitali ilikuwa ndefu." Akarudi, akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka mbele yangu pembeni ya zile kadi. "Na hiki kaa nacho wewe. Hapa kwenye meza yako vumbi la barabarani linaingia sana. Mama yako mdogo mwenyewe kaniambia, mwachie Shamsia."

Hivyo ndivyo anavyomwita mkewe kwangu, mama yako mdogo.

"Mzee," nikasema.

"Naam."

Alisubiri. Alinitazama usoni, na naamini kabisa aliona kwamba nina neno. Alinipa nafasi, kama vile yeye angetaka kupewa. Nikasema, "Mfikishie salamu zangu."

"Zimefika," akasema, akatoka. Nikamwona akiipanga khanga ya mkewe mabegani kabla ya kukaa, kisha bajaji ikageuka.

Simu ikalia saa kumi na dakika hamsini na tano.

"Dada Shamsia, ni Hosiana. Nataka kufunga mfumo. Kuna mabadiliko yoyote?"

Nikaangalia kadi. Picha ya Bi Mwanvita ilipigwa kabla hajaugua, amenenepa, anacheka na mpiga picha.

"Hakuna," nikasema.

"Haya, nawatakia mwaka mwema wa kazi."

Nilihifadhi uzito wa Matombo na vijiji vyake viwili vilivyobaki wazi. Kisha nikaifunga programu. Ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Sikulala vizuri, lakini nililala. Jumatano leseni mpya zikaingia, vitatu vyote, bila shida yoyote. Nilikuwa wa kwanza kukifungua changu, na seva ikaandika: mara moja.

Siku iliyofuata, saa tatu asubuhi, Issa alikuwa anafungua data mpya zilizoingia jana kutoka kwa wadodosaji. Nikamsikia anabofya, anabofya tena, anasonya.

"Shamsia," akaita kutoka mezani kwake, "hii safu ya uzito mbona safari hii haikuja?"

Nilikuwa naangalia tarehe kwenye kioo changu, chini ya ukingo wa kitambaa. Ilikuwa Alhamisi.